Nakala na Wanakili: Juu ya Aina za Kirusi cha UKIMWI na Maneno ya Wanaojidunga Heroini katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Kila mtu aliyepata kulinganisha miswada ya utenzi mmoja ajua kwamba hapana nakala mbili zilizo sawasawa. Mnakili huyu huruka ubeti, yule hubadili neno la Kiamu kwa neno la Kimvita alilolizoea, na wa tatu huisoma vibaya herufi ya Kiarabu akaandika neno jingine kabisa. Makosa hayo ni taabu kwa mhariri, walakini ndiyo msaada wake mkubwa. Miswada miwili ikiwa na kosa lile lile mahali pale pale, na kosa lenyewe likiwa si la namna ambayo watu wawili wangeliangukia kila mmoja peke yake, basi yumkini miswada hiyo imetoka katika asili moja. Kwa njia hiyo nasaba ya miswada huweza kuchorwa hata kama nakala ya kwanza ilikwisha kuliwa na mchwa. Al-Inkishafi, uliohaririwa na William Hichens mwaka 1939, ni mfano unaojulikana sana, kwani miswada yake hutofautiana katika idadi ya beti na hata katika mpango wake.

Wataalamu wa virusi hufanya kazi iliyo ndugu na hiyo. Kirusi cha UKIMWI, yaani VVU, hubeba maandishi yenye herufi karibu 9,700, na herufi zenyewe ni za aina nne tu. Kinapoingia katika chembe ya damu, maandishi hayo hunakiliwa na kimeng'enya ambacho ni mnakili mzembe: hukosea kiasi cha herufi moja katika kila makumi elfu, wala hakina desturi ya kurudi nyuma kusahihisha. Kosa moja katika makumi elfu laweza kuonekana dogo. Lakini katika mwili wa mtu asiyetibiwa virusi wapya kadiri ya bilioni kumi huzaliwa kila siku, kwa hiyo baada ya miaka michache mtu mmoja huwa na maktaba nzima ya nakala zinazotofautiana.

Tena kuna jambo la pili, ambalo wahariri wa miswada nao walijua vizuri. Mnakili mwenye nakala mbili mezani huweza kuanza na hii na kumaliza na ile, na kitabu kinachotokea huwa na nasaba mbili. Kila kirusi hubeba nakala mbili za maandishi yake, na kile kimeng'enya huruka toka moja hata nyingine kazi ikiendelea. Mtu akiwa amepata virusi vya koo mbili mbalimbali, chotara huzaliwa. Hapa neno chotara latumika kama litumiwavyo na mabwana shamba, bila dharau yoyote.

Kundi kubwa la VVU, liitwalo M, ndilo lililoenea ulimwenguni. Makundi ya N, O na P yamebaki hasa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulifuata nasaba ya kundi la M hata mjini Kinshasa, zamani Léopoldville, karibu na mwaka 1920. Na damu iliyochukuliwa katika mji huo mwaka 1959 ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa kirusi hiki uliohifadhiwa. Kutoka hapo koo zilitawanyika, zikapewa herufi: A, B, C, D na kuendelea. B ndiyo iliyotangulia Marekani na Ulaya ya Magharibi. C, iliyoshika kusini mwa Afrika, Ethiopia na Bara Hindi, sasa ni karibu nusu ya maambukizi yote duniani. Kenya aina A ndiyo kubwa. Uganda A na D huishi pamoja. Na Tanzania, iliyo njia panda ya pande zote hizo, ina A, C na D pamoja na machotara yao, ambayo Mbeya yamepata kuchunguzwa kwa muda mrefu.

Tofauti hizi si za kupanga kabatini tu. Uchunguzi uliofanywa Uganda na Tanzania umeonyesha kwamba watu wenye aina D, wasipotibiwa, huelekea kudhoofika upesi kuliko wenye aina A. Vipimo vya kwanza vya kuhesabu virusi katika damu vilitengenezwa kwa kufuata aina B, vikapata kuhesabu pungufu aina nyingine. Na kila atafutaye chanjo hukuta kwamba atafuta ufunguo mmoja wa kufuli nyingi.

Sasa tuje kwa wanaojidunga. Kirusi kinapopita kwa njia ya ndoa na mapenzi, safari yake kwa kawaida ni ya taratibu: miaka yaweza kupita kati ya maambukizi na maambukizi, na katika miaka hiyo nakala hubadilika. Kinapoingia katika kundi la watu watumiao sindano moja, huweza kuwapitia wengi katika muda wa majuma, kabla maandishi hayajapata nafasi ya kubadilika. Matokeo yake ni kama mswada mmoja uliogawiwa wanakili mia kwa siku moja. Mwenye kusoma damu zao baadaye hukuta maandishi yanayokaribia kuwa sawa, na kufanana huko ndiko kunakomwambia jinsi jambo lilivyotendeka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kaliningrad, bandari ya Urusi katika Bahari ya Baltiki. Kabla ya mwaka 1996 VVU ilikuwa nadra huko. Mwaka huo ulitokea mlipuko miongoni mwa watu waliojidunga dawa ya kasumba iliyopikwa majumbani, na damu ya binadamu ilitajwa kuwa miongoni mwa vitu vilivyotiwa ndani ili kuisafisha. Virusi vyao viliposomwa vilionekana kuwa karibu pacha, na vyote chotara: sehemu ya aina A na sehemu ya aina B, koo mbili ambazo tayari zilikuwa zikizunguka miongoni mwa wanaojidunga nchini Ukraine. Yaani chotara mmoja alitangulia kufanyika, kisha akanakiliwa kwa mamia.

Bangkok ilionyesha jambo jingine. Mwanzoni mwa mwaka 1988 kiasi cha mtu mmoja katika mia ya wanaojidunga mjini humo alikuwa na kirusi. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa zaidi ya thelathini katika mia. Wataalamu walipolinganisha virusi vyao na vya watu walioambukizwa kwa njia ya ngono, walikuta koo mbili: aina B kwa wenye sindano, na aina iliyoitwa E kwa wengine. Moto uliodhaniwa kuwa mmoja ulikuwa mioto miwili iliyowashwa mbalimbali. Baadaye, katika miaka ya 1990, ile E iliingia pia kwa wanaojidunga, kwani ukuta kati ya makundi haya ulikuwa wa kitambo tu. Na katika China, machotara wa B na C yaliyotokea upande wa Yunnan yalifuatwa na wasomaji wa nasaba katika njia zile zile za heroini, moja kuelekea Xinjiang kaskazini-magharibi na nyingine kuelekea Guangxi. Mzigo ulisafirishwa kwa siri, lakini kirusi kilitia sahihi kila kituo.

Pwani ya Afrika ya Mashariki imo katika njia nyingine ya mzigo huo. Heroini ya Afghanistan hushushwa katika pwani ya Makran, ikapakiwa katika majahazi na kuletwa kusini, na bahari inapochafuka wakati wa kusi safari hizo hupungua kama zilivyopungua safari za mababu waliouza tende na papa. Safari moja‍ ya hizo ilijulikana kwa ukubwa wake: mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi nje ya pwani ya Kenya. Mzigo mwingi hupita kwenda kwingine, lakini kila bandari ipitwayo na bidhaa hubakiwa na kiasi chake.

Heroini ilijulikana Mombasa, Malindi na Unguja tangu miaka ya 1980, nayo ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, ikivutwa kwa moshi. Susan Beckerleg na wenzake, waliochunguza habari za Malindi na Watamu kwa miaka mingi, wameeleza jinsi heroini nyeupe ilivyoingia mwishoni mwa miaka ya 1990. Heroini hiyo huyeyuka katika maji kwa urahisi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mvutaji akawa mwenye sindano. Dar es Salaam ilipita njia hiyo hiyo wakati ule ule.

Hapa ndipo maneno yanapoanza kuwa na kazi, kwa kuwa kirusi husema kwamba watu wawili waligusana damu, lakini hakisemi waligusana kwa namna gani. Hilo hutafutwa katika usemi wao.

Heroini huitwa unga. Pakiti yake ndogo huitwa kete, neno lililotolewa katika bao. Maumivu ya mtu aliyeikosa dawa kwa saa kadhaa, pamoja na kutapika, kuhara, jasho na mifupa kuuma, huitwa arosto. Na mtumiaji huitwa teja, wingi mateja. Mwanasarufi hatakosa kuona kilichotendeka: mteja, mnunuzi wa heshima wa ngeli ya m-/wa-, ameondolewa katika ngeli ya watu na kuwekwa katika ile ya majitu na mazoba. Sarufi imemhukumu mtu kabla mahakama haijamhukumu, na watu walio na jina kama hilo hawaji hospitali upesi.

Neno la kuangaliwa zaidi ni changa. Kete moja yaweza kuwa ghali kwa mtu mmoja, kwa hiyo wawili au watatu huchanga fedha, huyeyusha unga katika kijiko au kifuniko kimoja, na kugawana. Kuchanga ni tendo la ujirani mwema. Watu huchanga kwa arusi na kwa matanga. Mabango ya afya nayo yamelichukua neno hilo hilo, yakikataza “kuchangia sindano” na “kuchangia vitu vyenye ncha kali”. Katazo hilo laeleweka, ila lina udhaifu wawili. Kwanza, lakemea kwa neno la sifa. Pili, lataja sindano peke yake. Mtu aliyetumia bomba jipya, lakini akavuta dawa kutoka katika kijiko walichokichovya wengine mabomba yao yaliyotumika, aweza kuulizwa kama amechangia sindano naye akajibu hapana, kwa kweli yake yote. Mwuliza maswali ataandika hapana. Kirusi kitaandika ndiyo.

Tena liko tendo ambalo wenyewe hulipa jina la Kiingereza, flashblood. Sheryl McCurdy na wenzake, Watanzania na Wamarekani, walilieleza mwaka 2005 baada ya kulisikia kwa wanawake waliojidunga Dar es Salaam. Mwanamke aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake hata bomba likajaa, akampa mwenziwe asiye na fedha, naye huidunga kwa kuamini kwamba imebeba unga wa kumtuliza arosto. Kwamba damu hiyo yaweza kubeba dawa ya kutosha ni jambo lisiloelekea kuwa kweli, kwani dawa iliyokwisha kuingia katika damu yote ya mwili huwa imetawanyika mno. Lakini ni kosa kulihesabu tendo hili kuwa wendawazimu. Katika usemi wa waliolieleza ni sadaka: mwenye nacho amemsaidia asiye nacho, kwa kitu pekee alichobaki nacho.

Kipimo cha hatari yake chaweza kukisiwa. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba kudungwa mara moja kwa sindano iliyotumiwa na mwenye kirusi huambukiza kiasi cha mara 63 katika 10,000, na kutiwa damu ya mtu mwenye kirusi hospitalini huambukiza zaidi ya mara 9,000 katika 10,000. Flashblood imo mahali fulani kati ya hayo mawili, na bila shaka iko mbali sana juu ya lile la kwanza, kwa kuwa si masalio ya damu bali ni damu yenyewe. Masalio nayo hayalingani. Bomba ambalo sindano yake huchomoleka hubakisha kiasi cha mikrolita 84 baada ya kusukumwa mpaka mwisho. Bomba dogo la insulini, ambalo sindano yake imeshikamana nalo, hubakisha karibu mikrolita 2. Tofauti hiyo, isiyoonekana kwa macho, ni ya mara arobaini.

Uchunguzi wa wanaojidunga Dar es Salaam, uliotangazwa mwaka 2009, uliwakuta wenye VVU kuwa 42 katika mia. Lakini wastani huo waficha zaidi ya unavyofichua, kwani wanaume walikuwa 28 katika mia na wanawake 64. Sababu si moja. Wengi wa wanawake hao huishi kwa kuuza miili yao ili wapate kete, na katika zamu ya sindano mwanamke mara nyingi ndiye wa mwisho. Ndiye basi asimamaye mlangoni kati ya nyumba mbili, ile ya sindano na ile ya kitanda. Kwa sababu hiyo nasaba ya virusi vya pwani haitazamiwi kuwa kama ya Bangkok ya mwaka 1988, yenye ukoo wa sindano mbali na ukoo wa mji. Virusi vya wanaojidunga Mombasa vilivyosomwa na kutangazwa mwaka 2013 vilikuwa zaidi vya aina A, ambayo ndiyo aina ya majirani zao Wakenya wengine. Na mahali kama Dar es Salaam, penye koo tatu mjini, mtu mwenye sindano ana nafasi kubwa zaidi ya kupata koo mbili, na ndani ya mwili wake machotara kuzaliwa.

Yafaa kusema pia nasaba hizi haziwezi kusema nini, kwani siku hizi wako wanaotaka ziseme mengi. Mhariri wa miswada akikuta nakala mbili zenye kosa moja, hasemi mara moja kwamba hii ilinakiliwa kutoka kwa ile. Labda zote mbili zilitoka katika ya tatu iliyopotea, au kati yake zilikuwako nne zisizofika maktabani. Ndivyo ilivyo katika damu. Virusi vya watu wawili vikifanana sana, yajulikana kwamba vina asili ya karibu. Haijulikani kwa hilo peke yake nani alimpa nani, wala kama walipata kukutana. Huenda yupo mtu wa tatu aliyefariki, au ambaye hajapimwa.

Kiswahili chaweza kulieleza jambo hili kwa usahihi, au kuliharibu, kwa kitenzi kimoja. “Asha alimwambukiza Juma” yataka mtendaji na mtendwa, na mti wa nasaba hautoi hata mmoja. “Juma aliambukizwa” ni kweli, na yatosha. “Waliambukizana” husikika kuwa ya upole, lakini yadai kwamba wawili hao walikutana, na tena kwamba kila mmoja alitenda. Lililothibitika ni hili tu: “virusi vyao vina asili moja”. Maneno haya ni marefu na hayapendezi katika kichwa cha gazeti, lakini mahali ambapo kujidunga ni kosa la jinai, kiambishi kimoja chaweza kumpeleka mtu gerezani, au kuwafukuza wenziwe mia katika zahanati.

Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na nchini Kenya dawa hiyo ilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2014. Heroini hukaa mwilini saa chache tu, kwa hiyo arosto humwita mtu mara tatu au nne kwa siku, na kila mwito ni sindano. Methadoni hunywewa mara moja, ikashikilia mchana na usiku. Haimfundishi mtu jambo lolote wala haimtishi. Humwondolea arosto, na kwa kumwondolea arosto humwondolea haja ya kijiko, ya kuchanga, na ya damu ya mwenziwe. Uchunguzi wa nchi nyingi uliokusanywa pamoja mwaka 2012 ulionyesha kwamba matibabu ya namna hii hupunguza maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga kwa kadiri ya nusu. Unguja, ambako vipimo vilifanywa mara mbili kwa njia moja, wenye kirusi miongoni mwa wanaojidunga walikuwa 16 katika mia mwaka 2007 na 11 katika mia mwaka 2012. Huko methadoni ilikuwa bado haijafika, na kazi ilikuwa ya waelimishaji waliofuata watu maskani na ya nyumba za kuachia dawa.

Anayekuja kila siku kunywa methadoni huweza kupewa dirishani hapo hapo vidonge vya kupunguza makali ya VVU. Akivimeza ipasavyo, baada ya miezi michache virusi katika majimaji ya damu yake huwa haba mno, hata mtaalamu wa nasaba akiletewa damu hiyo hapati herufi za kutosha kusoma.